Mmeniuliza kama watu wa huku wana huruma

Mwangaluka, ndugu zangu. Mdogo wangu wa Kirumba, Mwanza, alinitumia ujumbe wa sauti baada ya kusikia kwamba huku Uingereza mzee anaweza kufia ndani kwake, siku zikapita, jirani asijue. Akauliza: "Dada, hao watu wana huruma kweli?" Shangazi naye akadakia, nisije nikazoea huku mpaka nikawa na roho ngumu. Najibu kwa maandishi, maana jambo lenyewe ni refu na linanigusa.

Ni kweli, hutokea. Hapa Hull unapanda basi moja na mtu kila asubuhi na hamsalimiani. Msibani hakuna turubai, hakuna majirani wa kuchota maji wala kuchanga. Upweke umewaelemea hadi mwaka 2018 serikali yao ikateua waziri wa kuushughulikia. Miezi ya mwanzo utalia, sitawadanganya.

Lakini mimi ni mtoto wa ziwani, na kilichonifanya nifikiri upya ni boti za uokoaji. Kuna shirika linaitwa RNLI, lilianzishwa mwaka 1824. Wengi wanaotoka na boti zake ni watu wa kujitolea: fundi bomba, mwalimu, muuza duka. Wito ukija saa nane usiku, mtu anaacha kitanda chake anaingia bahari ya baridi kumfuata asiyemjua jina wala kabila. Fedha nyingi ni michango ya watu wa kawaida, wengine huacha fungu kwenye wosia. Nikiona hivyo naikumbuka MV Bukoba, Mei 21, 1996, ilivyopinduka ikiwa imekaribia kabisa kufika Mwanza. Mkipita makaburi ya Igoma, walikozikwa waliokufa siku ile, mnajua ninachosema. Huruma haikukosekana siku ile, watu walilia mji mzima. Kilichokosekana ni maandalizi, yaani huruma iliyofanyiwa kazi kabla ya ajali.

Na sisi tunayo ya kwetu, isiyosubiri maandalizi. Novemba 6, 2022, ndege ilipotumbukia ziwani pale Bukoba ikiwa na watu 43, mvuvi kijana, Majaliwa Jackson, aliikimbilia kwa mtumbwi akasaidia kufungua mlango kwa kasia. Watu 19 walikufa, 24 wakatoka hai. Hakuwa na ndugu mle ndani.

Kazi yangu mnaijua, kuhudumia wazee majumbani kwao: kuwaogesha, kuwavalisha, kuwapa dawa na chai. (Wanaouliza njia ya kuja kwa kazi hii: tangu Julai 2025 waajiri wa huku hawaruhusiwi kuleta walezi wapya kutoka nje. Anayewaambia atawapatia nafasi anataka hela zenu.) Kila mzee nina dakika chache, halafu mbio kwa mwingine, na muda wa njiani silipwi. Hapo ndipo nimeona kwamba haraka inaua huruma hata kwa mtu mwema. Ukiwa mbioni, mzee anakuwa mwili wa kuoshwa tu.

Nina mzee mmoja mkali. Kabla hata ya salamu anauliza upepo unatoka wapi. Siku moja namfunga vifungo vya shati, nikaona vidole vyake havikunjiki. Nikamuuliza vilipatwa na nini. Akasema alianza uvuvi akiwa na miaka 15, kwenye meli zilizokwenda hadi bahari ya Iceland, kuvuta nyavu kwenye barafu. Akanihadithia Januari na Februari 1968, meli tatu za Hull zilipopotea na watu 58, baadhi yao aliwajua. Wake za wavuvi, wakiongozwa na Lillian Bilocca, walikwenda hadi London kudai usalama wa waume zao. Basi nikaelewa kwa nini anauliza upepo. Baba naye huuliza hivyo hivyo jioni za giza, kabla ya kushusha mtumbwi kwenda kwenye dagaa.

Mzee bado anafoka chai ikipoa. Ila hainichomi tena, najua anatoka wapi. Na kwa yule nisiyeweza kumuuliza, anayesukuma watu kwenye basi, najiambia kwamba sijui kaamkaje.

Sasa na mimi niwaulize, bila kuficha. Usukumani kwetu bibi anapikia kuni na samadi maisha yake yote, moshi unamharibu macho yanakuwa mekundu, kisha wekundu ule ule unafanywa ushahidi kwamba ni mchawi. Vikongwe wamekatwa mapanga kwa hilo. Watoto wenye ualbino wamelazimika kutafutiwa hifadhi shuleni, kama pale Mitindo, Misungwi, kwa kuwa nyumbani wangeuawa. Na waliokuwa wakinong'ona na kunyamaza ni watu wa kuchanga msibani, watu wa turubai. Tunamlilia sana tuliyemzoea. Asiyejulikana tunamwaminia kila uvumi.

Mdogo wangu, una bodaboda na unapita Kabuhoro kila siku. Yule bibi wa peke yake karibu na mawe makubwa, ambaye watoto humkimbia, hata jina lake hatulijui. Simamisha pikipiki, mpe shikamoo, muulize kwao ni wapi na alikuwa akilima nini. Usiwe na haraka akianza kusimulia. Kama macho yanamsumbua, mpeleke hospitali wamwangalie. Mafuta, kumuona daktari na dawa nitalipa mimi, nitatuma mwisho wa mwezi. Shangazi, naomba uende naye, bibi asije akaogopa kupanda pikipiki na kijana asiyemjua.