Feni ikivuma bila kuzunguka, usiitupe kwanza

Feni yetu ya kusimama ilitugomea mwezi wa pili, joto la Dar likiwa limepamba moto na mwanangu ana vipele vya joto mgongo mzima. Ukibonyeza namba tatu inavuma, mapanga hayasogei. Mama mkwe alishaitoa nje na kuiegemeza kwenye pipa la taka. Nikamwomba, "Mama, niachie hadi kesho niipeleke kwa fundi."

Fundi hakufungua hata skrubu moja. Aliiwasha, akasukuma panga kidogo kwa kalamu, nalo likaanza kuzunguka. "Hii kapasita, dada," akasema. Akanionyesha kikasha cheusi, kidogo kuliko kiberiti, chenye waya mbili. Mota ya feni ya aina hii haiwezi kuanza yenyewe. Kapasita ndiyo huipa msukumo wa kwanza. Ikichoka, mota inabaki kuvuma na kupata moto bure.

Tangu siku hiyo feni ya nyumbani naikagua mwenyewe kabla sijamwita mtu. Chomoa plagi, zungusha mapanga kwa kidole. Yakiwa mazito, shida mara nyingi ni nywele, vumbi na mafuta yaliyoganda kwenye shafti, kile chuma kinachozungusha mapanga. Toa mapanga, lakini hapo angalia sana: kwenye feni nyingi, nati inayoyashika hulegea ukiizungusha kufuata mshale wa saa, kinyume na nati ulizozoea. Wengi huivunja kwa kulazimisha upande usio wake. Futa shafti vizuri, kisha tia matone mawili ya mafuta ya cherehani. Mafuta ya kupikia usithubutu, yanaganda na kunata kuliko hata uchafu ulioutoa.

Mapanga yakiwa mepesi na bado feni inavuma tu, nenda na kapasita ya zamani dukani. Namba ya mikrofaradi, yaani kipimo cha kapasita kilichoandikwa juu yake, ilingane, kwa mfano 1.5 kwa 1.5, na volti zisipungue zilizoandikwa. Kufungua feni na kuitoa mwachie fundi kama hujawahi, maana kapasita huweza kubaki na chaji hata umeme ukiwa umechomolewa. Harufu ya kuungua ni habari nyingine. Hapo huenda mota inataka kusukwa waya zake upya, na kwa feni ndogo ya bei rahisi mimi sikushauri.

Na ukienda kwa fundi, kaa naye, kisha umwombe akurudishie kifaa alichotoa. Niliwahi kuacha pasi mahali nikaambiwa koili imeungua, nikalipa. Waya ulipokatika miezi michache baadaye, shingoni unapojikunja, fundi mwingine aliifungua mbele yangu: koili ilikuwa ile ile ya kiwandani. Iliniuma sana, kwa sababu ile ilikuwa pesa ya ada.

Feni inaingia mwaka wa tatu sasa. Mama mkwe ndiye anayelala nayo.