Gesi ya friji haiishi, huvuja

Mwanangu wa Umoja,

Umeniandikia kwamba friji yenu, ambayo mume wako aliinunua kwa mshahara wake wa kwanza, imetiwa gesi mara tatu tangu Januari, kila mara kwa shilingi 3,500. Kwamba wewe unataka mpya ya mkopo, naye hukasirika kana kwamba ni yeye unayetaka kumtupa. Na kwamba sasa mnalala mkipeana migongo.

Nitaanza na fundi, maana ndiye aliyewagombanisha. Gesi ya friji si kama ya jiko: haiungui ikaisha, bali huzunguka ndani ya mabomba yaliyozibwa, ikichukua joto ndani ya kabati na kulitoa nyuma, na huweza kufanya hivyo miaka mingi bila kuongezwa. Ikipungua, pana tundu. Fundi anayeongeza gesi bila kulitafuta tundu hilo anateka maji kwa pakacha, na shilingi zenu 10,500 zimepitia humo.

Basi mtafuteni fundi mwingine, na swali lenu liwe moja: inavujia wapi? Apake povu la sabuni kwenye maungio ya nyuma, karibu na kompresa, ile mashine inayoisukuma gesi, aone panapotoa mapovu. Ikiwa ni hapo, aunganishe upya, abadilishe chujio, avute hewa na unyevu wote kwa pampu ndipo atie gesi. Kazi hiyo inastahili kulipiwa. Ikiwa bomba limetoboka ndani ya ukuta wa friji, penye sponji, mimi nisingeongeza hata shilingi. Kibandiko cha friji kikiwa kimeandikwa R600a, jina la aina ya gesi iliyomo, gesi hiyo hushika moto, kwa hiyo asiwashe mwali kabla ya kuiondoa yote, na kazi ifanyike nje, si katika jiko la fleti.

Mume wako ndiye asimame na fundi siku hiyo, wewe ukiwa sokoni. Habari mbaya ataipokea vizuri zaidi akijionea mwenyewe kuliko akiisikia kwako. Ikibidi kuistaafisha, si lazima itoke nyumbani: dada yangu huhifadhi unga na mchele katika friji iliyokufa, na panya wamekata tamaa.

Kuhusu mkopo, msitie sahihi kabla ya kujumlisha malipo yote hadi siku ya mwisho na kuyalinganisha na bei ya taslimu. Tofauti hiyo mwonyeshe mumeo usiku, mkiwa mmegeukiana.

Shangazi yako