Siyo kivuli cha Dunia kinachoukata mwezi

Mkuu, umeuliza kwa nini mwezi hubadilika sura kila siku, na wachangiaji kadhaa hapo juu wameshakujibu kwamba Dunia inaufunika kwa kivuli chake. Naomba niwapinge mapema. Nimefundisha jiografia miaka mingi, najua dhana hii ilivyo sugu: mwanafunzi anachora mchoro sahihi kwenye mtihani, anapata alama zote, halafu ukimkuta nje usiku anakwambia ni kivuli.

Mwezi hauna mwanga wake. Jua humulika nusu yake wakati wote, kama linavyomulika nusu ya Dunia. Kwa kuwa mwezi unatuzunguka, ile nusu yenye mwanga mara inatuelekea yote (mwezi mpevu), mara tunaiona ubavuni (nusu mwezi), mara imetupa kisogo kabisa na hatuoni kitu. Kivuli cha Dunia hakimo kwenye hesabu hiyo.

Usiniamini mimi, jaribu. Subiri siku ya 5 au ya 6 tangu mwezi uandame, utauona juu angani alasiri na jua bado linawaka. Chukua mpira mdogo mweupe, simama juani, nyoosha mkono hadi mpira uonekane kama umeugusa mwezi. Sasa utazame mpira wenyewe. Upande unaoelekea jua unang'aa, upande wa pili una giza, na mpaka kati yao umepinda vilevile kama ule wa mwezi ulio pembeni yake. Jua liko mbali nasi karibu mara 400 kuliko mwezi, kwa hiyo miale yake inaupiga mpira na mwezi kutoka upande mmoja. Nilipowafanyisha wanafunzi jaribio hili, mmoja aligeuka na kuanza kukitafuta kivuli cha Dunia kiko wapi. Hapo ndipo penyewe! Kivuli hicho siku zote kinaelekea upande wa pili kabisa na lilipo jua, na mwezi wa siku hizo haujafika huko hata kidogo.

Kwa mbishi asiyeridhika, mwambie autazame mwezi wa siku ya 11. Sehemu yenye mwanga imevimba pande zote mbili, yaani mpaka wake umebetuka kuelekea gizani. Kivuli cha kitu cha mviringo hakiwezi kuchora umbo hilo. Kingeumega mwezi kwa ndani, kama kinavyofanya siku ya kupatwa.

Hapo linakuja swali zuri la aliyeuliza: mbona basi mwezi haupatwi kila unapokuwa mpevu? Kwa sababu njia yake imeinama kwa nyuzi 5 hivi ukilinganisha na njia ya Dunia kulizunguka jua. Nyuzi 5 zinaonekana ndogo, lakini mwezi wenyewe angani una upana wa nusu nyuzi tu, kwa hiyo miezi mingi unapita juu au chini ya kivuli bila kukigusa.

Ukishaielewa pembe kati ya jua na mwezi tunavyoiona kutoka hapa Duniani, saa za mwezi zinajieleza zenyewe. Mwezi mpevu unachomoza jua linapozama kwa kuwa uko upande wa pili. Robo ya kwanza (ule nusu mwezi unaokuja kabla ya mwezi mpevu) inachomoza kama saa sita mchana na kuzama kama saa sita usiku. Kwa hiyo hadithi yenye mwezi mwandamo unaong'aa katikati ya usiku wa manane, mwandishi wake hakutoka nje kuangalia. (Nikikutana nayo huwa naweka kitabu chini.)

Mzunguko mzima wa sura ni siku 29.5 hivi, ingawa mwezi hutumia siku 27.3 tu kuizunguka Dunia ukipimwa kwa nyota. Hizo siku mbili na ushei ni za kufidia: Dunia nayo imesogea kwenye njia yake, hivyo mwezi lazima uende mbele zaidi kidogo ndipo ukae tena vilevile na jua.

Kuhusu ule mviringo hafifu unaoonekana ndani ya mwezi mwandamo, huo ni mwanga wa jua uliopiga Dunia ukaakisiwa hadi mwezini, kisha ukarudi kwetu. Leonardo da Vinci alishalieleza jambo hilo mwanzoni mwa karne ya 16.

Na wewe uliyesema picha ya robo ya kwanza kutoka Australia "imegeuzwa": haijageuzwa. Mtu wa kaskazini ya mbali anaona upande wa kulia unang'aa, wa kusini ya mbali anaona wa kushoto, na aliye karibu na ikweta anauona mwezi unashuka magharibi na mwanga ukiwa upande wa chini. Mwezi ni uleule, waangaliaji ndio wamesimama tofauti.