Dogo, nani kakudanganya kwamba zamu ya usiku ya dharura ni nafuu?

Umeitwa kazini kitengo cha dharura, umeuliza mshahara, zamu na nafasi ya kurudi kusoma, sawa. Halafu ukachomekea kwamba kaka mmoja kakwambia usiku ni nafuu maana "wengi unawakuta wameshaonwa, unasubiri majibu tu". Mtaje huyo kaka tumpige mawe. Natania. Nusu natania.

Mimi maneno hayohayo niliambiwa nilipotoka tu intern, yale mafunzo kazini ya daktari mpya, na mkubwa wangu wa kazi, mtu wa kalamu tatu mfukoni na hakuna hata moja inayoandika kwenye faili. Kwake makabidhiano ni kusimama mlangoni, begi begani, na kunyoosha kidole: "Kitanda cha pili malaria, anasubiri wodi. Cha nne ajali ya boda, kashonwa. Yule wa pembeni mlevi, mwache alale, asubuhi ataenda zake." Huyoo, kaondoka. Nami nikaandika "mlevi" kwenye kikaratasi changu.

Baba wa makamo, pombe ananuka kweli, tena ile ya kienyeji, na shati limejaa matapishi. Kwa hiyo hakuna aliyetilia shaka. Zamu nayo ikachafuka: majeruhi wa daladala, mama mjamzito anavuja damu, mtoto ana degedege. Kila nikipita pale pembeni namsikia anakoroma, najiambia afadhali, anapumua. Daktari mzima! Koo la mtu aliyepoteza fahamu linaziba, mimi nasikia usingizi mtamu. Sista mmoja mtu mzima akaniuliza, "Daktari, yule baba sukari tulimpima?" Nikamjibu kashaonwa.

Alfajiri akakakamaa, akaanza kutupa mikono na miguu. Safari hii sista hakuniuliza, alimtoboa kidole mwenyewe. Mashine ikaandika "LO". Mashine nyingi huandika hivyo sukari ikiwa chini ya milimoli 1.1 kwa lita, imeshindwa hata kuihesabu, na sisi tunafundishwa kushtuka ikiwa chini ya 3.9. Tukamsukumia dekstrosi, yaani sukari ya mshipani, degedege ikakata. Fahamu hazikurudi palepale. Mkewe alipofika na mfuko wa dawa, ndani kulikuwa na glibenklamidi. Alikuwa na kisukari, kameza dawa, kanywa pombe, hajala. Ile dawa hulikamua kongosho litoe insulini hata sukari ikiwa imeshuka, na pombe hulizuia ini lisitengeneze sukari mpya. Tena mgonjwa wa namna hiyo hata akiamka usimruhusu kwenda nyumbani, anaweza kuzama tena saa nyingi baadaye. Yote hayo nilikuwa nayajua, mtihani nilifaulu vizuri tu! Hakufa. Ila ubongo uliumia: alikuwa na duka, na tangu siku ile hajaweza kuhesabu chenji ya mteja.

Kwenye kikao cha asubuhi mkubwa wangu akasema alimwacha mgonjwa "akiwa imara". Imara kwa kipimo gani, wakati hata presha haikuandikwa? Bado ananikera mpaka leo. Wazee wa aina yake walikulia enzi za mapokezi, kazi ilikuwa kumpangia mtu wodi basi. Idara kamili ya dharura pale Muhimbili imefunguliwa 2010 tu, fani yenyewe bado ni changa kwetu. Lakini uchanga wa fani haukumzuia kutembea hatua tano hadi kitandani. Wala mimi haukunizuia, najua, usinikumbushe.

Kwa hiyo shika hili hata kama mengine utayasahau: uliyekabidhiwa ni mgonjwa mpya. Mwende wote wawili kitandani, anayetoka na anayeingia. Anza upya: njia ya hewa, upumuaji, mzunguko wa damu, fahamu, kisha mvue nguo umtazame. Asiyejitambua, mwenye degedege, anayeitwa mlevi, hata yule ndugu zake wanaosema ana mapepo, toboa kidole kabla hujamwita jina lolote. Mwenye "kiharusi" pia, maana sukari ikishuka inaweza kumlegeza mtu upande mmoja ukaapa ni kiharusi. Na mlevi wa kweli naye huanguka, kwa hiyo papasa kichwa, mulika mboni, ona kama ziko sawa. Anayekukabidhi akinuna kwamba unamchelewesha, anune. Mimi wananiita Bwana Stripu, kwa vile vijikaratasi vya mashine ya sukari, na huwa naitika.

Mshahara ni ule wa serikali, unaujua, tusiumizane. Nunua tochi, nunua na mashine yako mwenyewe ya sukari. Stripu hakikisha zipo saa moja jioni kabla hujaingia zamu, maana saa tisa usiku mwenye ufunguo wa stoo hapokei simu.