Nikimdai mdogo wangu, ndiyo kusema sijamsamehe?

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo, Bibi. Mimi ni mama wa watoto watatu, nakaanga samaki hapa Magomeni, Bagamoyo. Miaka mitatu iliyopita nilimdhamini mdogo wangu kwenye kikoba chetu. Alichukua mkopo, akaenda Dar es Salaam, simu ikawa haipokelewi. Marejesho yakaniangukia mimi, 380,000. Nililipa miezi kumi na mmoja, nikauza hadi cherehani. Mwezi uliopita karudi na doti ya khanga, ananiambia "yaliyopita si ndwele". Hizo 380,000 hajazitaja. Sasa anataka nimdhamini tena, na nimwazime karai aanze biashara ya maandazi. Mama anasema samehe, wewe si Mkristo? Kwenye kitubio padri naye kasema samehe. Mdomoni nimesamehe, moyoni 380,000 zipo palepale. Na huyu ndiye aliyenilea siku arobaini nilipojifungua pacha, ndiyo maana inaniuma zaidi. Je, nikimdai 380,000 zangu, ndiyo kusema sijamsamehe?
Mkaanga Samaki, Bagamoyo

JIBU: Milele amina, mwanangu. Hapana, si kusema hujasamehe. Nimetanguliza jibu ili usisome roho ikiwa juu. Sasa kaa kitako, nina mengine, na moja halitakupendeza.

Kanisani tunasali "utusamehe makosa yetu". Fungua Biblia ya Union, Mathayo 6:12, uone: "Utusamehe deni zetu, kama sisi nasi tuwasamehevyo wadeni wetu." Deni! Neno la kikoba kabisa. Nimekuwa katekista miaka mingi nikilipita neno hilo kama ninavyoupita mbuyu wa misheni, ambao wageni wanatoka mbali kuja kupiga nao picha. Na sisi wa Bagamoyo tulipaswa kuliona mapema. Mapadri wa Roho Mtakatifu waliofika hapa 1868 waliwakomboa watumwa kwa kuwanunua, fedha mkononi, kila mtu na bei yake. Kukomboa kwetu kulianza na hesabu.

Basi deni halisameheki bila kujulikana ni kiasi gani. Yule mfalme wa Mathayo 18 alianza kwa kufanya hesabu, akaletewa mtu wa talanta elfu kumi, ndipo akamsamehe. Mtu huyohuyo akatoka, akamkaba koo mwenzake kwa dinari mia. Nimesikia mahubiri yakiziita vijisenti. Si vijisenti hata kidogo! Dinari moja ni ujira wa kibarua wa kutwa, soma Mathayo 20. Mia ni jasho la siku mia. Bwana hakusema deni lako halina uzito. Alisema lipo jingine lililokwisha kufutwa, na talanta moja ilikuwa kama dinari elfu sita, kwa hiyo zidisha mwenyewe.

Nilipomzika mume wangu, makaburini lilitolewa tangazo kama ilivyo kawaida yetu hapa, anayemdai marehemu aje kwa familia. Akanijia jirani yetu, mzee wa Kiislamu, fundi majahazi. "Mama, mumeo nilikuwa namdai elfu sitini za mbao. Elfu sitini hizo nimemsamehe, na mwanangu huyu ni shahidi." Angesema tu "tulikuwa na mambo madogo, yamekwisha", ningekesha nikijiuliza ni mambo gani. Alipotaja kiasi nilijua nimepewa nini, nikamshukuru kwa elfu sitini kamili. Mpaka leo nikipika pilau ya Krismasi, sahani ya kwanza inavuka uchochoro.

Sasa katika barua yako sikuona mahali ulipomwambia mdogo wako kwamba ulilipa wewe, wala kwamba cherehani ilikwenda. Atashukuruje asichokijua? Na ile "yaliyopita si ndwele" ni ya mdai kuisema. Mdaiwa akiisema yeye, amejisamehe mwenyewe.

Mketi wawili, siku ya kazi, mama asiwepo, maana mama atawapatanisha kabla hujafika kwenye cherehani. Mtajie kiasi. Kisha uchague. Unaweza kumdai, kwa mfano elfu ishirini kila mwezi, bila matusi, na Ekaristi usiiogope kwa sababu hiyo. Zakayo mtoza ushuru alipoahidi kuwarudishia mara nne aliowadhulumu, Bwana hakumwambia acha, haina haja. Au unaweza kufuta. Ukifuta umefuta, nisije nikasikia sokoni unawahadithia wateja huku unageuza changu.

Lile lisilopendeza ni hili. 380,000 umezitaja mara nne. Siku arobaini umezitaja mara moja, tena kwa kupita. Binti huyo alikuchemshia maji ya kukukanda, akakupikia uji wa pilipili manga, akafua nguo za pacha, usiku mtoto mmoja akilala na wa pili anaamka. Uliwahi kumshukuru kwa hesabu kama unavyomdai kwa hesabu? Katika Luka 7 Simoni Farisayo alimkaribisha Yesu nyumbani, maji ya kunawa miguu hakumpa. Alijiona hadaiwi, na asamehewaye kidogo hupenda kidogo. Sisemi siku arobaini zikatwe kwenye marejesho, hazikatwi. Nasema uanze nazo siku hiyo, kabla ya fedha. Hata mimi ningependa kujua uso wake utakuwaje.

Udhamini, hapana. Kikoba ni fedha za akina mama wenzako, huna ruhusa ya kuonyesha upendo kwa mifuko yao. Mwambie hivyo kwa utulivu, na akinuna mwache anune.

Karai mwazime. Ila siyo lile unalokaangia samaki, maandazi yatanuka.