Usishone "sare ya Keya": shonea mtu mmoja, wa mwaka mmoja

Wateja wangu wa sare za kale wengi ni vikundi vya maigizo, na wapenzi wa historia wanaopanda Taita kutembelea viwanja vya Vita vya Kwanza vya Dunia. Karibu wote huja na ombi lile lile: "Fundi, tushonee sare ya Keya." Nami huwauliza: Keya ya mwaka gani, na alikuwa wapi?

Keya ni King's African Rifles (KAR), jeshi la kikoloni la Waingereza huku Afrika Mashariki. Iliundwa mwaka 1902 na ikadumu mpaka wakati wa uhuru. Katika miaka hiyo yote askari wake hakuvaa nguo moja. Yule aliyepanda vilima vya Latema na Reata karibu na Taveta, Machi 1916, alikuwa na kaptura ya kaki, fulana nzito ya sufu ya buluu iliyoiva au shati la kaki, miundi iliyozungushiwa vitambaa vya sufu, na mara nyingi miguu mitupu. Mjukuu wake wa kijeshi aliyepigana bonde la Kabaw, Burma, mwaka 1944, alivaa kijani cha msituni, buti, na kofia ya ukingo mpana. Ukichanganya kofia ya huyu na kaptura ya yule umeshona mtu ambaye hakuwahi kuwepo. Basi kabla hujagusa mkasi, andika juu ya karatasi: kikosi gani, mwezi gani, mahali gani. Mteja asipojua, kaeni mchague pamoja. Asipotaka kuchagua, mshonee nguo ya jukwaani tu na mwambie waziwazi kuwa ni ya jukwaani.

Halafu tafuta picha. Imperial War Museums ya London imeweka nyingi mtandaoni, na kuziangalia ni bure. Ila usiamue rangi kwa picha nyeusi-nyeupe. Sahani za kioo za kupigia picha na filamu nyingi za wakati ule hazikuona nyekundu, kwa hiyo tarbushi nyekundu hutokea nyeusi, na buluu hutokea nyepesi kuliko ilivyo. Nimeona watu wakigombana juu ya rangi ya tarbushi kwa sababu hiyo hiyo. Picha itumie kwa mambo inayoyajua: urefu wa kaptura, upana wa mguu, mahali mfuko ulipokaa, idadi ya vifungo. Na kama uko Mombasa, nenda pia Barabara ya Jomo Kenyatta ukazizunguke zile sanamu za shaba za askari zilizowekwa baada ya vita. Zizunguke, uone na mgongoni. Picha za askari huwa za mbele tupu, na fundi anahitaji mgongo.

Sasa kitambaa, na hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika. Kaki inayouzwa kwa ajili ya sare za shule imechanganywa na poliesta. Juani inang'aa kama mfuko wa nailoni, na poliesta yenyewe ilivumbuliwa mwaka 1941, kwa hiyo haiwezi kuwa mwilini mwa askari wa 1916 hata kwa bahati. Unachotaka ni drili, pamba tupu, yenye mfumo wa mistari ya mshazari. Ukienda Mtaa wa Biashara muuzaji atakuapia kuwa ni pamba. Usibishane naye. Omba ukate ncha ndogo, ichome nje ya duka. Pamba inawaka, inanuka karatasi, inaacha jivu laini. Poliesta inayeyuka na kuganda kuwa kijipunje kigumu cheusi. Mimi hubeba kiberiti katika mkoba wa futi na chaki, na wauzaji wanaonijua hawaapi tena.

Drili ya pamba ukishaipata, iloweke usiku kucha, ianike, ipige pasi, ndipo ukate. Ukikata kabla ya kuloweka, kaptura itapanda paja baada ya kufuliwa mara ya kwanza. Na uzi pia uwe wa pamba, kwa sababu isiyohusiana na historia peke yake: ukitaka baadaye kuizeesha nguo kwa kuichovya katika rangi, uzi wa poliesta haushiki rangi, na mishono yote itabaki imejichora meupe.

Kuzeesha nako kuna kiasi. Chai kavu iliyochemshwa sana hubadili kaki mpya ikawa ya hudhurungi ya vumbi. Gome la mkoko hutoa wekundu mkali zaidi, lakini usiende kulikata mwenyewe, mikoko inalindwa na sheria. Baada ya hapo jua la paa la nyumba litamaliza kazi. Anika nguo mabega yakiwa juu, kwa kuwa mabega ndiyo hupauka kwanza kwa mtu anayetembea juani.

Ukipata kazi ya upande wa Wajerumani, uhuru wako wa rangi ni mkubwa zaidi. Manowari za Uingereza zilikuwa zimeziba pwani, nguo kutoka Ulaya zikawa adimu, na huko Tanganyika pamba ikawa inasokotwa na kufumwa hapo hapo na kutiwa rangi za mimea. Kundi la askari wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, wa mwaka 1917 ambao kaki zao zote zimelingana rangi halipendezi machoni mwangu. Shona kila moja na kaki yake, hii iliyoiva, ile iliyopauka.

Kuna wanaodhani kuwa uhalisi ni kushona kwa mkono. Si kwa vita hivi. Singer ilikuwa kazini tangu karne ya kumi na tisa, na sare zilishonwa kwa cherehani. Ile Singer nyeusi ya bibi yako, ya mkono au ya mguu, inapiga mshono ule ule. Kinachotoboa siri ni ovaloki ndani ya nguo. Usiitumie: kunja kingo, ifiche moja ndani ya nyingine, piga mistari miwili. Zipu weka mbali kabisa, hata pale ambapo haitaonekana, na lastiki vilevile. Kiuno cha kaptura kikae juu, kitovuni, si nyongani kama jinzi za vijana. Na tundu la mkono lisiwe kubwa. Mteja atalalamika linambana kwapa, lakini mwambie anyanyue mkono: koti lenye tundu dogo linabaki mahali pake, lenye tundu kubwa linapanda lote.

Vifungo vya shaba vya makoti ya kaki havikushonewa. Vilikuwa na kijipete nyuma, vikipitishwa katika tundu dogo lililodariziwa, ili vitolewe nguo inapokwenda kwa dobi. Hayo matundu ni kazi ya ziada, kwa hiyo yatoze ziada.

Vile vitambaa vya miundini mimi huvikata kutoka makoti mazito ya sufu ya mitumba ya Kongowea, naviunganisha hadi vipate karibu mita mbili na nusu au zaidi, na utepe wa kufungia mwishoni. Askari wa miguu huanzia kifundoni akapanda mpaka chini ya goti. Wa farasi ndiye aliyeshuka. Mfundishe mteja kuvifunga kabla hajalipa, la sivyo atakupigia simu akiwa Taveta. Kuhusu miguu mitupu, waigizaji wengi hukataa. Wape viatu vya ngozi vya wazi kuliko buti za siku hizi.

Jambo la mwisho ni la usalama. Sheria ya Kenya hairuhusu raia kuvaa sare ya jeshi wala nguo inayofanana nayo. Kaki ya 1916 haifanani na ya leo, lakini polisi wa kizuizi cha barabarani usiku hana muda wa somo la historia. Sare isafirishwe ndani ya begi, ivaliwe uwanjani, na kikundi kiwe na barua ya shughuli yenyewe. Nami anayeniletea picha ya sare ya majeshi ya sasa, hata akiwa mtu wa maigizo, humrudisha na kitambaa chake.