Mama, ile OK yangu sio hasira

Mama, meseji yako ya juzi nimeisoma mara tatu. Unasema we unaniandikia habari ndefu, umepata chumba hapo Dodoma, mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita, afu mimi najibu "OK" basi, ndo unauliza baba nimekukosea nini? Na kwamba huko kazini kwenu mtu akikujibu "K" tupu ujue kuna jambo. Hapana mama yangu, sijakasirika hata kidogo, na imeniuma sana kusikia umelala na wazo hilo.

Mimi OK sikuijulia kwenye simu, nimeijulia soko la samaki la Mwaloni, hapa Kirumba Mwanza, nikiwa kijana nabeba dagaa. Gunia likishapimwa na kukaguliwa kama wamekauka na hawana mchanga, karani anaandika OK ubavuni kwa maka peni nyeusi, na lenye OK ndo linapanda gari la Kongo, lisilo nayo linafunguliwa wanarudi kuanikwa juani. Kwa hiyo kwangu OK ni neno zito, maana yake nimeangalia, nimeridhika, endelea.

Ulivyouliza asili yake nikaingia Google mpaka saa sita usiku. Kumbe ilianza kwenye gazeti moja la Boston, Marekani, tarehe 23 Machi 1839, kifupi cha "oll korrect", yaani "all correct" iliyokosewa spelingi makusudi, kila kitu kiko sahihi. Waandishi wa enzi hizo walikuwa na mtindo wa kukosea maneno kwa raha zao halafu wanayafupisha, "all right" nayo wakaiandika "oll wright", ikawa OW. Hapo nikakukumbuka ulivyokuwa kidato cha pili unaniandikia "xaxa baba cjui" na mimi nakugombeza kuwa unaharibu lugha. Nisamehe kwa hilo.

Vifupi vingine vyote vilikufa, OK ikapona kwa sababu ya siasa. Mwaka 1840 rais Martin Van Buren alikuwa anagombea tena, na kwa kuwa kwao ni Kinderhook huko New York watu wake wakamwita Old Kinderhook, wakaunda na klabu ya OK, wapinzani nao wakaichukua hiyo hiyo OK kumsema vibaya. Akashindwa na William Henry Harrison, neno likabaki. Miaka mingi watu walidhani limetoka kwa Wachoctaw, wenyeji wa kule, hata rais Woodrow Wilson alikuwa anaandika "okeh" kwa imani hiyo, mpaka mwalimu mmoja wa chuo, Allen Walker Read, alipofukua magazeti ya zamani na kuandika matokeo yake mwaka 1963 na 1964.

Lakini nakubali, neno likifika kwetu limezaa maana nyingi na nyingine zinachoma. Mteja akivuta "okeeei" huku anaangalia pembeni ujue bei imemshinda. Ukimpikia mgeni ugali na sato afu akasema "kilikuwa OK", hakukipenda. "OK OK" mbili za haraka ni nyamaza nimekuelewa. Na ile usiku mama yako amelazwa, tumekaa kwenye benchi nje ya wodi tangu jioni, nesi akatoka akasema "yuko OK", miguu ikaisha nguvu nikakaa chini sakafuni nikalia, sijawahi kusikia neno zuri kama lile. Sasa kwenye simu sauti haipo, uso haupo, zimebaki herufi mbili tu, we utajuaje baba yako ametoa ipi kati ya hizo zote? Hapo kosa ni langu, sio lako.

Basi nijibu vizuri. Chumba nimefurahi sana, ila uliza maji yanatoka siku ngapi kwa wiki kabla hujalipa, na kwenye hiyo miezi sita miwili nalipa mimi, usibishe. Alhamisi nakutumia dagaa kwa basi, nimewachambua mwenyewe hawana hata punje ya mchanga, mfuko utaujua, nimeandika jina lako kwa maka peni na chini yake OK.

Baba yako
Kirumba